Yanayojulikana Getini: Maarifa ya Pamoja na Stadi za Kidijitali katika Biashara Ndogo za Kileleshwa

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wafanyabiashara wadogo, Kileleshwa, Nairobi



Nimeombwa nieleze jinsi maarifa yanayoshirikiwa na stadi za kidijitali zinavyochangia ubunifu na utendaji wa biashara. Mada hii imekuwa ya kawaida katika semina za Nairobi, na mara nyingi huishia kwenye orodha ya programu za simu ambazo msikilizaji anahimizwa azipakue kabla hajafika nyumbani. Orodha hiyo sikuja nayo. Nina dai moja: maarifa yanayoingiza pesa katika biashara ndogo za mtaa huu yalikuwepo kabla ya simu janja, vichwani mwa watu wanaoonana kila siku, na stadi za kidijitali huzaa matunda pale tu watu hao wanapokubali kupeana wanachokijua. Wasipopeana, simu hubaki kuwa mahali pa kupokelea pesa. Dai hilo lina mkia wake: maarifa yakishaingia kwenye simu huwa na msomaji, na mara nyingi msomaji huyo siye mwenye biashara.

Tuanzie hapa hapa tulipo.

Kileleshwa ya miaka ya nyuma ilikuwa mtaa wa bangalo, nyingi zikiwa nyumba za watumishi wa serikali, kila moja na ua wake na miti yake. Tangu miaka ya 2000, kanuni za ujenzi ziliporuhusu majengo marefu, bangalo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine. Ukipita Barabara ya Othaya, ukashuka Kandara, ukazunguka Oloitoktok hadi Siaya, utaona viwanja vilivyokuwa na jiko moja vikiwa sasa na makumi ya majiko, jiko juu ya jiko. Kwa muuza mboga hiyo ni neema. Lakini ghorofa zilikuja na geti. Mchuuzi wa zamani alipita uani akinadi nyanya na vitunguu; wa leo anakutana na ukuta wenye nyaya za umeme, kamera, na mlinzi mwenye kitabu cha wageni. Hata apaze sauti vipi, ghorofa ya tisa haimsikii.

Si mbali na maduka ya Kasuku kuna kibanda ambacho mimi ni mteja wake, na kwa ruhusa ya mwenyewe nitakieleza bila kumtaja jina. Mama huyu ana kundi la WhatsApp la wapangaji wa majengo kadhaa ya jirani. Kuanzia saa mbili usiku oda huanza kuingia: managu ya shilingi hamsini ichanganywe na terere na ikatwe, maparachichi mawili ya kuliwa kesho na mawili ya Ijumaa, githeri iliyochemshwa vikombe viwili. Zote huzinakili kwenye daftari la mistari, nambari ya nyumba kushoto, oda katikati, na kulia alama zake mwenyewe za kuonyesha nani hulipa papo hapo na nani husubiri mwisho wa mwezi. Alfajiri huwa soko la Kangemi, ng'ambo ya Waiyaki Way. Ikifika saa tatu asubuhi mifuko imefungwa na kuandikwa nambari kwa kalamu ya wino mzito, na kijana wa bodaboda ameanza kuizungusha geti kwa geti.

Mtu wa nje akitazama ataandika kwamba hapa WhatsApp imeleta ubunifu. Nilipomuuliza wazo la kuuza mboga zilizokatwa lilitoka wapi, alicheka. Lilitoka kwa yaya wa jengo la pili, aliyekuwa akilalamika kwamba akianza kukata sukuma, mtoto analia, na akimbeba mtoto, sukuma inalala. Githeri ya kuchemsha nayo ilitoka kwa mlinzi wa usiku, aliyemwambia kwamba wapangaji wa vyumba vidogo hurudi saa tatu usiku na hawana subira ya kukesha na mahindi jikoni. Ni mlinzi pia humpigia simu lori la fanicha linapoingia, naye hupeleka kifungu cha dhania cha kumkaribisha mpangaji mpya, pamoja na nambari yake ya simu. Msimamizi wa jengo humwambia nyumba zipi zinahamwa, ili asimkopeshe mtu ambaye mwezi ujao atakuwa Syokimau. Hawa watatu ndio mtandao wake hasa, na hakuna hata mmoja wao aliyemo kwenye lile kundi la WhatsApp. Huwalipa kwa sukuma na salio la simu.

Ukimpa mama mwingine simu ileile, kifurushi kilekile cha intaneti na mafunzo yaleyale, lakini umtenganishe na yaya, mlinzi na msimamizi, atakuwa na kundi la watu wasioagiza kitu.

Wataalamu wa usimamizi wana namna yao ya kulisema hili. Mjapani Ikujiro Nonaka, pamoja na Hirotaka Takeuchi, katika kitabu chao cha mwaka 1995, walisimulia kisa cha kampuni ya Matsushita, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitaka kuunda mashine ya kuoka mkate nyumbani. Wahandisi walipima kila kinachopimika, mkate ukakataa: nje umeungua, ndani mbichi. Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu za kompyuta, akaenda kuwa mwanagenzi wa mwokaji mkuu wa hoteli moja jijini Osaka. Akagundua kwamba mwokaji, akivuta unga uliokandwa, huupinda pia, jambo ambalo mwokaji mwenyewe hakuwahi kulieleza kwa sababu mikono yake ililifanya bila kumshauri. Wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya mashine ili unga upindwe, na mkate ukawa mkate. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba mwenye stadi za kompyuta ndiye aliyefunga aproni. Hakumwita mwokaji aje kuhudhuria semina.

Hapa kwetu tuna kisa kikubwa kuliko hicho, na kwa kuwa tunakiishi kila siku, ni wachache wanaokumbuka kilivyoanza. M-Pesa ilizinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, lakini majaribio yake yalianza mwaka 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500 wa shirika la mikopo midogo la Faulu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakifanya kazi na Safaricom na kwa mchango wa fedha za serikali ya Uingereza, walikuwa na lengo moja dogo: mkopaji alipe mkopo wake kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Chombo kilibuniwa hivyo na mafunzo yakatolewa hivyo.

Watu wakakifanyia mengine. Walilipiana mikopo, mmoja akimtumia mwenzake. Wafanyabiashara walilipana bei ya bidhaa. Wapo walioweka pesa kwa wakala mji mmoja wakazitoa mji mwingine, ili wasisafiri nazo mfukoni. Walinunuliana salio. Faulu yenyewe ilipata taabu kuoanisha malipo hayo na vitabu vyake, na mfumo wake wa mikutano ya vikundi haukuelewana vizuri na mteja asiyelazimika kuhudhuria. Waliokuwa wakiendesha majaribio wangeweza kusema watumiaji wamekosea. Badala yake walikaa wakawatazama, na bidhaa ilipoingia sokoni mwaka 2007 haikutangazwa kama njia ya kulipa mikopo. Ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Wala mbegu ya wazo hilo haikuota Thika peke yake. Nchini Uganda, kabla huduma za pesa kwa simu hazijafika, mtu wa Kampala aliyetaka kumpelekea mamake pesa kijijini alinunua kadi ya salio, akampigia mwenye simu ya kijiji, akamsomea nambari za kadi. Mwenye simu alijiwekea salio hilo, akampa mama pesa taslimu, akijikatia chake. Hakuna mhandisi aliyebuni utaratibu huo. Ni wenye simu na wateja wao walioupanga kwa mazungumzo na kuaminiana. Kwa hiyo, watu wanapouliza ubunifu wa M-Pesa ni wa nani, jibu langu ni kwamba mashine ilikuwa ya wahandisi, ila matumizi yaliyoifanya iwe na thamani yalitoka kwa wakopaji na wachuuzi ambao majina yao hayamo kwenye hati yoyote ya umiliki.

Vijana wa teknolojia wa Ngong Road nitawapitia upesi, kwani habari zao zimeandikwa sana. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zimepamba moto, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ambayo raia wangetumia kuripoti waliyoyaona, na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakashirikiana naye kuijenga kwa siku chache. Hiyo ndiyo Ushahidi, ambayo Januari 2010 ilitumika katika tetemeko la Haiti. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, na Machi 2010 iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ikafungua milango katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road. Intaneti ya kasi iliwavuta wengi, lakini waliokuwa wakifika pale watakuambia kwamba kazi ilifanyika kwenye meza za kahawa: huyu anajua kuandika programu ya ujumbe mfupi, yule amewahi kukataliwa na kampuni ya simu na anajua kwa nini. Mwaka huohuo wa 2010, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walishinda shindano la IPO48 kwa M-Farm, huduma ya kumpa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi. Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na CcHUB, kituo kama hicho cha Lagos.

Nina neno moja la kukosoa kipindi hicho, nalisema kwa heshima. Meza zile zilikuwa za watengenezaji programu wakizungumza na watengenezaji programu. Soko la Kangemi lilikuwa safari fupi tu ya matatu, lakini mama wa Kangemi hakuwa na kiti pale. Na bei ya soko, ukimpa mkulima ambaye tayari anadaiwa na dalali na hana gari, itamwonyesha anachopoteza bila kumwezesha kukipata. Miaka iliyofuata nyumba za Kilimani, Lavington na Kileleshwa ziligeuka ofisi za kampuni changa za kusafirisha bidhaa na kuuza vyakula mtandaoni. Tumeona kampuni za sekta hiyo zikizimika. Sendy ilifunga shughuli mwaka 2023, Jumia ikaacha biashara ya chakula mwishoni mwa mwaka huohuo, na Copia ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2024. Sababu ni nyingi, kubwa ikiwa wawekezaji kubana mifuko. Hata hivyo, naamini kampuni nyingi za aina hii zilikuwa na stadi za kidijitali tele na zikakosa kile anachokijua mlinzi wa getini: nani anahama, nani hulipa, saa ngapi mtu ana njaa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo wahimizaji wa kushirikiana hulikwepa. Kuficha maarifa kuna sababu. Yule mama wa Kasuku alikuwa wa kwanza katika barabara yake kuuza mboga zilizokatwa. Leo kila kibanda cha barabara hiyo kina kisu na mfuko. Faida ya kutangulia ilimwishia upesi, na hakuna sheria ya hataza inayolinda sukuma iliyokatwa. Mtu akimwambia "shirikisha wenzako", ana haki ya kuuliza atapata nini. Ndiyo maana wachuuzi wengi hukaa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara kama watu wanaosubiri daktari: kila mmoja anatazama, hakuna anayesema.

Nimewasikiliza wachuuzi wa mtaa huu kuhusu kile ambacho wako tayari kutoa na kile wasichotoa hata kwa ndugu. Orodha ya wateja hawaitoi, na wana haki. Bei waliyonunulia wanaitoa nusunusu. Usafiri wanashirikiana bila shida, kwa sababu pikapu moja kutoka Kangemi ikipakia mizigo ya watu wanne kila mmoja anaona akiba yake papo hapo. Na kuna maarifa wanayoyatoa kwa moyo mmoja, tena usiku wa manane: hila za matapeli.

Hapo ndipo nilipoona kushirikiana kukigeuka shilingi waziwazi. Mnunuzi anakuja saa ya msongamano, anachukua mzigo mkubwa, anaonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba amelipa. Muuzaji naye anapokea ujumbe unaofanana kabisa na wa M-Pesa, wenye jina na kiasi. Ila umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu, na salio halijasogea. Hila nyingine ni ya mtu anayelipa kweli, anachukua mzigo, kisha anatuma ujumbe kwa 456 akidai alituma kimakosa na pesa zirudishwe. Stadi inayohitajika hapa haizidi kubonyeza vitufe vichache ili uangalie salio kabla hujakabidhi mfuko. Lakini muuzaji ambaye hajaambiwa hafikirii kuangalia. Kundi moja la wachuuzi wa eneo hili liliyaeleza hayo kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, na ujumbe ule ulifika kwa akina mama ambao hawajawahi kukanyaga darasa la kompyuta. Ningekuwa mfadhili, ningegharimia sauti kama hizo kabla ya kugharimia vyeti.

Ada nayo ina nguvu kuliko mafunzo. Tarehe 16 Machi 2020, corona ilipoingia nchini, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuondolewa kwa ada za kutuma pesa kwa simu kwa kiasi cha hadi shilingi 1,000. Hakuna aliyefundishwa chochote siku hiyo, na watu wakaanza kulipia hata nyanya za shilingi ishirini kwa simu. Msamaha huo uliendelea hadi mwisho wa mwaka. Anayesema mchuuzi anakwama kwa kutojua teknolojia aanze kwa kupiga hesabu ya gharama ya kuitumia.

Sasa nirudi kwenye ule mkia nilioutaja mwanzoni, wa maarifa yaliyo kwenye simu kusomwa na mtu asiye mwenye biashara. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za kadiri zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo ni milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Uchunguzi huohuo ulikuta kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano iliyotangulia, nyingi kabla hazijakomaa. Waliofunga walitaja uhaba wa pesa za kuendeshea kazi. Sina ubishi na jibu hilo, ila nauliza walijuaje pesa zilikwenda wapi. Wengi wetu hupima biashara kwa mauzo ya siku. Mauzo ya leo yakiwa makubwa tunafurahi, na karo ya mtoto inatoka humohumo, mchango wa chama humohumo, na mzigo wa kesho pia.

Wakati huohuo kuna anayejua hali ya biashara hiyo kuliko mwenyewe. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mkopo ulipimwa kwa nyendo za mtu kwenye simu: anaweka kiasi gani, anatoa lini, anatumia salio vipi. Hazina ya Hustler iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 nayo hutoa mikopo kwa simu kuanzia shilingi 500, na kiwango chako hupanda au kushuka kwa rekodi zako. Mkopeshaji anasoma daftari ambalo wewe uliliandika kwa malipo yako na hujawahi kulifungua. Anajua kwamba kila tarehe 20 unaishiwa. Wewe unadhani ni mkosi.

Kulifungua si kazi kubwa. Ukibonyeza *334# unaweza kuomba taarifa yako ya M-Pesa itumwe kwa barua pepe, ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri unayoletewa kwa ujumbe mfupi. Nilipokaa na mama wa Kasuku tukaifungua yake, kikwazo kilikuwa kingine kabisa. Alikuwa akipokea malipo kwa nambari yake binafsi, kwa hiyo pesa za mboga, za harambee, za kakake wa Murang'a na marejesho ya chama zilikuwa zimechanganyika kurasa nzima. Taarifa haikusomeka. Tulichofanya ni kuleta lile daftari la mistari, tukaliweka kando ya taarifa, tukaanza kutia alama malipo yanayolingana na nambari za nyumba. Kabla hatujamaliza aliacha kalamu. Alikuwa ameona kwamba jengo alilokuwa akilipendelea kwa sababu lina oda nyingi ndilo lenye walipaji wa mwisho wa mwezi, na kwamba yeye hukopa kwa simu ili anunue mzigo wa watu hao. Riba ya mkopo ilikuwa inalipwa na yeye, kwa ajili ya wateja wenye magari mawili.

Kwa hiyo aliwaambia wapangaji wa jengo hilo kwamba oda zao zitalipwa kabla ya kupelekwa. Wengine walinuna. Wengi walilipa. Kisha akatenganisha pesa, malipo ya biashara yakahamia kwenye Pochi la Biashara la M-Pesa. Huo kwangu ni ubunifu wa utendaji, na haukuhitaji kununua kitu kipya. Ulihitaji maarifa ya alama zake za daftari, ambazo ni yeye tu azijuaye, yakutane na stadi ndogo ya kufungua taarifa, ambayo kijana yeyote wa mtaa huu anayo.

Jambo hili la rekodi lina upande wa wateja pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu hata sisi wenye vibanda. Septemba 2023 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kujua nyumba ipi ina mtoto mchanga na ipi mwenyewe amesafiri ni maarifa ya biashara, na ni maarifa yanayoweza kumletea mtu mwizi. Kwa hiyo ninapounga mkono kushirikiana, siungi mkono tabia iliyoanza kuenea ya kuanika majina ya wadeni kwenye makundi ya WhatsApp. Hila za tapeli zisambazwe. Jina na nambari ya nyumba ya jirani aliyekwama mwezi huu vibaki daftarini.

Niseme pia kuhusu ankara za eTIMS, kwa sababu najua zimewakosesha wengi usingizi hapa. Tangu Januari 2024, mkahawa unaotaka gharama zake zitambuliwe na Mamlaka ya Mapato ya Kenya unapaswa kuwa na ankara ya kielektroniki kwa ulichonunua. Mikahawa ya Kileleshwa iliyokuwa ikinunua vitunguu na nyanya kwenye vibanda ikaanza kuuliza ankara. Asiyekuwa nayo akapoteza mteja mkubwa, na mara nyingi hakuambiwa sababu. Simu ya asubuhi iliacha tu kuja. Ipo njia ya *222# kwa asiyekuwa na kompyuta, na mabadiliko ya sheria ya mwishoni mwa 2024 yalimruhusu mnunuzi aandae ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Wangapi kati ya wenye vibanda waliambiwa? Wahasibu wa mikahawa wanajua. Ofisi zao ziko mita chache kutoka kwenye kibanda. Maarifa yamekwama katikati ya barabara, na pande zote mbili zinapata hasara: mkahawa unanunua ghali supamaketi, na mama anabaki na nyanya zinazooza.

Mwenyekiti, sikuja na mapendekezo ya kupelekwa wizarani. Nina maombi kwa waliomo humu. Wenye mikahawa, watumeni wahasibu wenu kibandani kabla ya mwisho wa mwezi, wakamwonyeshe muuzaji wenu namna ankara inavyotoka, kwa simu yake mwenyewe. Vyama vya wakazi, mlinzi na yaya nao waingizwe kwenye mafunzo mnayowaandalia wafanyabiashara, kwa maana wao ndio wanaojua soko. Vijana wenye stadi za kompyuta, kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu ya kuuza mboga, nendeni Kangemi alfajiri mkabebe magunia. Nanyi wenye vibanda, baada ya chai tutakaa meza zile za nyuma: kila mmoja aje na daftari lake na simu yake yenye chaji, tuanze na taarifa ya M-Pesa ya mwezi uliopita.